Ganda la Ndizi na Haki ya Kuita Kitu Taka

Kila mpishi aliyewahi kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha kawaida anajua kwamba kisu hicho hakitoki kama kilivyoingia. Utomvu hunata vidoleni, na ubapa wa kisu hugeuka mweusi, weusi usiotoka kwa maji matupu. Aghalabu huhesabiwa kuwa ni uchafu, na kisu husuguliwa kwa majivu mpaka king'ae tena. Mkemia akikitazama kisu kile kile ataeleza vingine. Ndani ya ganda la ndizi mna tanini, jamii ya vitu vyenye ukakasi, vile vinavyoukausha ulimi wa mtu aumapo tunda lisiloiva. Na tanini ikikutana na chuma hushikamana nacho na kuzaa kitu cheusi kisichoyeyuka upesi majini. Kwa kemia ya namna hiyo hiyo waandishi wa zamani walijipatia wino wao mweusi, ama kwa vinundu vya mialoni ama kwa maganda ya komamanga.

Wazo ambalo limewashughulisha wanasayansi wengi katika miongo ya karibuni haliko mbali na kisu hicho. Wanauliza: iwapo ganda la tunda lina vitu vinavyopenda kuushika uso wa chuma, je, haliwezi kufanywa kinga ya kutu? Na iwapo linaweza, je, si kheri kuyakusanya maganda yanayotupwa na viwanda vya juisi, jemu na mvinyo, yakageuzwa dawa ya kulindia madini? Ni wazo jema, na mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza hulifurahia kama afurahiavyo kitendawili kilichoteguliwa. Lakini ndani yake limefichwa neno moja ambalo si la kikemia, nalo ni neno taka. Neno hilo lastahili kuchunguzwa kabla ya furaha haijapita kiasi, na pahala pazuri pa kulichunguzia ni Usa River, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, chini ya Mlima Meru, ambako migomba na mikahawa huota ukuta kwa ukuta na nyumba za watu.

Kwanza kutu yenyewe. Watu huizungumzia kama maradhi yaliyokuja kutoka nje, ilhali ukweli ni kinyume. Chuma hakikuzaliwa chuma. Ardhini hukaa kikiwa kimefungamana na oksijeni, katika mawe na udongo mwekundu, na mhunzi ndiye anayewatenganisha wawili hao kwa moto mkali na makaa. Tangu siku hiyo chuma huwa kama mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu: kikipata maji na hewa hurejea kilikotoka. Kurejea huko ndiko kuitwako kutu. Sehemu moja ya uso wa chuma huachia chembe zake za umeme, sehemu ya jirani huzipokea, maji huwa njia kati yao, na betri ndogo zisizohesabika hufanya kazi usiku na mchana bila ya mtu kuzisikia. Watu wa pwani, wanaoishi katika hewa ya chumvi, wanazijua betri hizo kwa misumari na mabati yao. Labda ndiyo maana wazee wao walijenga mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za nazi, bila ya msumari hata mmoja, na mbao za majahazi wakazipaka sifa, yaani mafuta ya papa, zisinywe maji.

Kutu ni ghali. Mwaka 2016 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa fani hiyo ilikadiria kwamba hasara yake duniani ni dola trilioni 2.5 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia nzima. Kwa hiyo binadamu wametafuta kinga za kila aina. Ipo kinga ya ukuta, nayo ni rangi na lami. Ipo kinga ya kafara, nayo ni zinki inayopakwa juu ya bati la nyumba: zinki huliwa kwanza ili chuma kilicho chini yake kisalie. Na ipo kinga ya tatu, ambayo ndiyo inayohusika hapa, ya kutia ndani ya maji au asidi kitu kidogo kinachokwenda kukaa juu ya uso wa chuma na kuzitatiza zile betri. Viwandani kinga hii haina budi. Chuma huoshwa kwa asidi kabla ya kupakwa zinki au rangi, na asidi ikishamaliza magamba huanza kukila chuma chenyewe. Ndipo huhitajika kitu cha kuiambia asidi, ishia hapo.

Kwa miaka mingi kitu hicho kilikuwa mara nyingi sumu. Msomaji atakayetaka mfano na asome habari za Hinkley, kijiji cha jangwani katika jimbo la California, Marekani. Baina ya mwaka 1952 na 1966 kampuni ya Pacific Gas and Electric ilitumia kromiamu ya aina kali katika maji ya kupozea mitambo yake ya gesi, ili mitambo isishikwe na kutu. Maji hayo yalimwagwa katika mabwawa yasiyosakafiwa, yakapenya chini, yakaingia katika visima vya wakazi. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333 kumaliza kesi. Bomba lilisalimika, kisima kikaharibika. Hapo ndipo lilipo jambo la maadili katika kinga ya kutu, na wala si jambo dogo: kila kinga humkinga mmoja, na aghalabu gharama yake hubebwa na mwingine ambaye hakuulizwa.

Kwa hivyo mtu hawezi kuwadharau wanaotafuta kinga katika maganda. Mwaka 2010 watafiti wa Rio de Janeiro walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya maji ya maganda ya embe, chungwa, pasheni na bibo: yalipotiwa katika asidi, ulaji wa chuma ulipungua sana. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya namna hiyo juu ya mashapo ya kahawa. Huko India na Nigeria ganda la ndizi limepimwa mara nyingi. Kipimo chenyewe ni chepesi kueleza: kipande cha chuma hupimwa uzito, hutumbukizwa katika asidi kwa saa kadhaa, kikatolewa na kupimwa tena, kingine kama hicho hutumbukizwa katika asidi iliyochanganywa na maji ya maganda, na tofauti ya uzito uliopotea ndiyo hukumu.

Ni haki pia kusema mipaka yake, maana magazeti huipenda nusu ya kwanza ya habari na kuiacha ya pili. Mengi ya majaribio hayo yamefanywa ndani ya asidi, katika chupa, kwa saa chache. Joto likizidi, aghalabu utando hubanduka. Maji ya maganda yakiwekwa siku kadhaa huchacha na kuota ukungu. Ganda la msimu wa mvua si sawa na la kiangazi, wala la aina moja ya ndizi si sawa na la aina nyingine, ilhali kiwanda hutaka dawa isiyobadilika. Wala haifai mtu kudhani kwamba akisugua bati la nyumba yake kwa ganda la ndizi atakuwa amelilinda; mvua ya kwanza italiosha. Tunda lenyewe, ukilitazama vizuri, lina nia mbili: ukakasi wake hukilinda chuma na ukali wake hukila. Ndimu na ukwaju vinavyosugulia shaba mpaka ing'ae ni mashahidi wa nia hiyo ya pili.

Tuseme basi mipaka hiyo yote imevukwa. Dawa imepatikana, inakaa, haichachi, na mnunuzi wa kiwanda ameridhika. Linabaki swali la ganda litatoka wapi, na hapo ndipo Usa River inapokuwa na la kusema.

Katika makala za kitaalamu ganda la ndizi huitwa taka, na neno hilo hupita kama kwamba halihitaji ushahidi. Mtu atembee asubuhi katika vichochoro vya Meru alitafute hilo ganda lililotupwa. Atalikuta katika hori la ng'ombe aliyefungiwa zizini, pamoja na vipande vya mgomba uliokatwa. Atalikuta mbele ya mbuzi. Lililokataliwa na mbuzi atalikuta chini ya mgomba, likioza, na mgomba ukilila polepole. Samadi ya ng'ombe aliyelila nayo imo humo humo shambani. Mzunguko huo ndio unaoziwezesha familia kuishi juu ya vipande vidogo vya ardhi, kizazi baada ya kizazi, pasipo kuichosha. Ganda hapo halijapotea hata siku moja. Ni mshahara wa ng'ombe, na maziwa ya mtoto yamo ndani yake. Asemaye kwamba ni taka amelipima kwa mizani ya kiwanda, na kiwanda hakina mbuzi.

Kiswahili chenyewe kina mchezo wake katika jambo hili. Taka ni uchafu. Kutaka ni kuhitaji. Kutakata ni kuwa safi. Wajuzi wa asili za maneno na waamue kama maneno hayo ni ndugu au yalikutana njiani tu. Msemaji wa kawaida hata hivyo anajua kwamba kitu huwa taka pale tu mtu asipokitaka, na papo hapo huulizwa: mtu yupi?

Wameru wana sababu ya kulisikia swali hilo kwa sikio kali kuliko wengine. Barabara itokayo Usa River kuelekea kaskazini hupita Ngurdoto, ikapita hifadhi ya taifa ya Arusha, ikafika Ngare Nanyuki. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaondoa huko kwa nguvu Wameru wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, ili ardhi igawiwe walowezi wafugaji. Kabla ya nguvu ilitangulia hoja, nayo ilikuwa hoja ya matumizi: kwamba ardhi ile ingezaa zaidi mikononi mwa wachache wenye ng'ombe wa biashara kuliko mikononi mwa wengi walioikalia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York akalieleza shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu atasema ganda la ndizi na shamba si mizani moja, na atakuwa amesema kweli. Hakuna atakayechomewa nyumba kwa ajili ya maganda. Lakini ulimi ni ule ule. Kitu kilicho na mwenyewe huitwa kwanza kitupu, kisichotumika, kilichozagaa. Na kikishaitwa hivyo, kukichukua huonekana hisani.

Kuna mfano wa karibu zaidi, usio na askari wala moto. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na mbanguaji wa kijijini huliona ni adui. Viwandani mafuta hayo ni mali: huingia katika rangi na katika breki za magari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za Tanzania ilisafirishwa ghafi, na maganda yake, kwenda kubanguliwa India. Ganda likasafiri kama mzigo usio na jina. Hakuna aliyeiba chochote. Muuzaji aliuza korosho, mnunuzi akapokea korosho na ganda, na tofauti ikabaki ng'ambo.

Mpinzani ana jibu, na jibu lake lisikilizwe. Atasema: ganda si kitu kitakatifu. Kama mwanamke wa Usa River ataletewa mnunuzi mlangoni, akalipwa, ataweza kununua pumba za kulishia ng'ombe wake na akabakiwa na shilingi mkononi. Ni dharau kudai kwamba lazima abaki na mbuzi wake ili fikra za wengine zitulie. Hoja hiyo ni nzito. Mwenye ganda ndiye mwenye haki ya kuliuza. Lakini tazama masharti yake. Bei iwe yake, si ya dalali. Ipite thamani ya maziwa, na ya samadi pia, na samadi haiuzwi kwa siku bali huonekana baada ya miaka, shamba linapochoka. Tena mnunuzi awe yupo na mwakani. Kwa desturi anayekuja kununua kitu alichokwisha kukiita taka haji na bei ya namna hiyo. Jina alilokipa ndilo lililoipanga bei.

Hata mahali ambapo kitu kimetupwa kwa hakika, jina la taka huficha kilikotoka. Hapo Ngurdoto kipo kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na floraidi. Maji ya miguuni mwa Meru hubeba floraidi kutoka katika miamba ya volkano, katika sehemu nyingi kupita sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yaliyowatia watu wa huko meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda. Dawa iliyosomwa Ngurdoto ni mkaa wa mifupa: mifupa ya machinjioni huchomwa, husagwa, na maji hupitishwa humo yakaiacha floraidi yake. Ni kazi ya heshima. Lakini muumini anayepewa maji hayo ana haki ya kuuliza mfupa huu ni wa mnyama gani, na alichinjwa vipi, na swali lake haliondolewi kwa kumwambia kwamba yalikuwa mabaki tu ya machinjioni. Kwake mfupa haukuacha kuwa mfupa siku ulipotupwa. Mwanasayansi mwerevu humjibu kabla hajauliza.

Je, ina maana kwamba wazo la kinga ya maganda liachwe? Hapana. Ina maana kwamba litafute ganda lake vizuri, na pembezoni mwa Usa River ganda hilo lipo. Ni la kahawa. Tunda la mbuni likimenywa kwa maji, karibu sehemu mbili kati ya tano za uzito wake hubaki kuwa maganda na nyama yake laini. Lina tanini nyingi, lina kafeini, na kwa sababu hizo mnyama hawezi kulishwa ila kidogo. Likirundikwa hunuka, likiachiwa mtoni hulivuta oksijeni la maji, na samaki hufa. Maji yake ni machungu kwa aliye chini ya kijito. Hapa neno taka halimdhulumu mtu; tena kuliondoa ganda hilo mtoni ni kumwondolea jirani madhara. Na kitu kile kile kinachomfanya mbuzi alikatae, ule ukakasi wake, ndicho kinachotafutwa na mlinzi wa chuma. Likichemshwa kwa maji matupu, bila ya vimiminika vya sumu, masalia yake yanaweza kuozeshwa yakarudi shambani, mzunguko usikatike.

Viwanda navyo vina maganda yao. Jijini Arusha kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza mvinyo wa ndizi tangu miaka ya 1990, na ndizi zinazofika hapo zimekwisha kuuzwa: ganda limelipiwa pamoja na tunda, na mahali pamoja pana rundo ambalo mbuzi wa mtaa mzima hawawezi kulimaliza. Kadhalika maganda ya soko la Tengeru jioni ya Jumamosi, yanayokanyagwa matopeni. Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, iko hapo hapo Tengeru, katika barabara ile ile. Mwanafunzi wake anaweza kuliona rundo kwa macho yake na kumuuliza mwenyewe kabla ya kuandika neno la kwanza la utafiti wake. Hatua hizo chache kutoka maabara mpaka sokoni ni fupi kuliko safari ya Kirilo Japhet.

Lipo jambo moja ambalo hesabu hiyo hailimalizi. Kahawa ya Meru huvunwa kwa msimu, takriban Julai hadi Disemba, na maganda yake hupatikana miezi hiyo tu. Kiwanda cha dawa ya kutu, kama kitajengwa, hakitalala kuanzia Januari hadi Juni. Kitakuwa na mkopo wa kulipa na mapipa yaliyo tupu. Ndizi huzaa mwaka mzima. Mnunuzi atatoka nje ya lango lake mwezi wa Februari, atazame ng'ambo ya barabara, na aone ganda mbichi, jingi, la kijani, likiwa katika hori la ng'ombe wa mtu.